Sahani Iliyofunikwa Biharamulo

Tangu nirudi kutoka Biharamulo, hakuna aliyeniuliza kama barabara ilikuwa nzuri. Mnaniuliza kitu kimoja tu: ulikula au hukula? Ameniuliza mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa, ameniuliza mama anayetuuzia chumvi, na Jumapili katekista aliniuliza kabla hata hajavua joho lake. Nimempa kila mmoja kipande, na vipande hivyo vimeshonwa vibaya, hadi sasa wako wanaosema nimemwoza mdogo wangu kwa pilau. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Mimi niliishia kidato cha pili, wazazi walipotutoka mmoja baada ya mwingine, basi msitafute maneno makubwa humu.

Kilichoniondoa nyumbani

Mnamjua Evodia, anayenifuata mimi. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, safari ya siku mbili kutoka hapa, anasoma Kifaransa. Mkopo ulimfikia nusu. Nusu nyingine nimekuwa nikiitoa kwenye kahawa na maharage, na mwaka huu mnajua wenyewe mvua ilivyotufanya. Chuo kilimwambia kwamba asipokamilisha ada ifikapo Ijumaa ile, saa tisa alasiri, hataingia kwenye mtihani. Na muhula unaofuata wanafunzi wa Kifaransa wanapelekwa Burundi kwa mazoezi. Mlicheka niliposema hivyo: mtoto avuke nchi nzima kwenda kusoma, halafu arudishwe nyuma ya vilima hivi tunavyoviona tukichuma kahawa.

Mwaka mzima alikuwa akitafuta ufadhili wa wanafunzi wa lugha za kigeni. Ulimjia wa kila aina kwenye simu. Mmoja ulidai ada ya fomu, ukadai nyingine ya kuthibitisha ile ya kwanza. Mwingine ulitaka picha yake akiwa amesimama, ya mbele na ya ubavuni. Nilimwambia aufute, nami nikakaa nikiwaza ni watu gani wanaohitaji kuona ubavu wa mtu ili wamfundishe Kifaransa.

Ndipo akapiga simu mtu aliyejiita Twaha, kutoka Biharamulo. Hakutaka ada yoyote, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi. Aliuliza sisi ni ukoo gani. Akauliza Evodia ana umri gani, ana afya, ana tabia gani, na kama akikaa mbali miezi mingi mlezi wake atalalamika. Mimi nimekulia hapa. Maswali hayo nayajua, na anayeyauliza huwa anaitwa mshenga. Wiki iliyofuata kikaja kifurushi kwa basi: kitenge cha doti nzima na sukari, "kwa ajili ya nyumbani". Kisha Twaha akasema bibi yake, Bi Nuru mwenye duka la vitambaa, ndiye anayetoa ufadhili huo, kwamba hutoa kwa binti mmoja kila mwaka, na kwamba hatoi kabla hajamwona mlezi kwa macho. Njoo mwenyewe, akasema, usitume mtu.

Hapo kila mmoja wenu alikumbuka Krismasi ya mwaka juzi, hata kama hamkusema. Nitaisema mwenyewe. Jirani yetu Sebastiani alinikaribisha kwake, akaweka chungu cha pombe ya ndizi, akanipa mrija, akasema, "Leo tunakunywa kwa ajili ya Evodia." Mimi nikadhani anafurahia kwamba anaendelea vizuri chuoni. Nikavuta, tena kwa moyo wote. Nilipoinua kichwa wazee wake walikuwa wanapiga makofi, kwa sababu kwetu ukinywa cha mtu aliyemtaja binti yako, umekubali kumwoza kwake. Ilinichukua miezi minane kujitoa. Nilimrudishia chungu kikubwa mara mbili ya kile, nikasimama wima uani kwake hadi walipokimaliza, bila kuonja hata tone. Tangu siku hiyo nimejiwekea amri: silambi kitu cha mtu anayemtaja Evodia mpaka nijue anataka nini.

Mbuba hadi Ngara mjini

Niliondoka hapa Mbuba Alhamisi mchana kwa bodaboda. Wako watakaosema ningepitia Rulenge na kuokoa muda, lakini mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na gari la Rulenge lilikuwa limekwama tangu jana yake. Leokadia, mdogo wetu wa mwisho, alinifungia viazi vitamu vya kuchemsha katika jani la mgomba, na chumvi pembeni kwenye karatasi. Akaniambia, "Kaka, hivi ni vya kukuokoa. Ukisikia njaa kwa watu, kula vya kwetu." Ana miaka kumi na mitano na ameshaijua dunia.

Ngara nilifika nikiwa mwekundu wa tope hadi magotini. Gari la kwenda njia ya Biharamulo lilikuwepo stendi, injini inanguruma, na nafasi ilikuwa moja. Kondakta akaushika mfuko wangu aupeleke kwenye buti. Ndani ya mfuko mlikuwa na vyeti vya Evodia, vyeti vya vifo vya wazazi na viazi. Nikamwambia unakaa na mimi. Akasema mizigo yote inakaa nyuma. Nikamwambia basi na mimi nitakaa nyuma. Watu walicheka, yeye hakucheka. Tulishikana mkanda wa mfuko huku na huku mpaka mwanamke mwenye kikapu akapita katikati yetu, akapanda na kuketi kwenye nafasi yangu. Gari likaondoka. Kondakta alinipungia mkono dirishani kama ndugu.

Nililala nyumba ya wageni karibu na soko. Kabla ya kulala nilikula wali na maharage kwa mama mmoja mwenye banda pale, nikalipa kwanza ndipo nikala. Chakula cha kununua hakina maneno. Mama yule aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia Kabanga. Sijui kwa nini nilimdanganya. Nilikuwa nimeshaanza kuona kila anayeuliza ana sababu.

Ngara hadi Lusahunga

Ijumaa nilipanda gari dogo la alfajiri, mfuko mapajani. Pembeni yangu aliketi mama mmoja wa Nyakahura, Mama Kabula, ambaye wazazi wake walitoka Shinyanga wakiwa na ng'ombe wao na wakakaa moja kwa moja. Ni mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Alinionyesha mahali ambapo zamani magari yalikuwa yanasimama kusubiri askari wa kuyasindikiza msituni, akanieleza jinsi abiria walivyokuwa wakificha pesa kwenye soksi za watoto. Akasema siku hizi wezi hawatoki porini. Wanapanda gari, wanakaa karibu nawe, wanakununulia soda yenye dawa, unaamka jioni huna hata viatu.

Maneno hayo niliyahifadhi.

Tulipokaribia kwake nilimuuliza, kama mtu asiyejali, iwapo anawafahamu watu wa duka la vitambaa Biharamulo, wale wenye asili ya pwani, kwa Bi Nuru.

"Nawajua," akasema. "Nimenunua kwao vitenge tangu sijaolewa."

"Ni watu wa namna gani?"

"Watu wa dini, hawana kelele. Kila mwaka wanachukua binti mmoja."

"Wanamchukua kumpeleka wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje, mwanangu? Wanasema kusoma. Wengine tunawaona wanarudi na kiatu kirefu. Ila kuna mmoja hakurudi." Akagonga bodi ya gari kumwonyesha dereva anapotaka kushuka. "Wewe una binti?"

Nikamwambia sina. Alishuka, akanitakia safari njema, akaniacha na hilo neno la mwisho. Kutoka Nyakahura hadi Lusahunga sikuona hata mti mmoja. Nilikuwa nikimtazama tu huyo mmoja ambaye hakurudi.

Kabla ya Lusahunga lori la mizigo lilikuwa limelala upande barabarani, tukasubiri zaidi ya saa nzima. Madereva wa malori walishusha majiko yao wakaanza kupika ugali kando ya lami kana kwamba wamefika kwao. Niliangalia saa. Nilikuwa nimemwambia Evodia nitafika saa nne. Aliniandikia ujumbe: "Kaka, chuo kinafunga dirisha saa tisa kamili." Nikamjibu kwamba najua.

Lusahunga hadi Biharamulo

Niliposhuka Lusahunga alinijia kijana wa makamo, kofia safi, kanzu ya Ijumaa, mkononi soda mbili zikitoa jasho la baridi.

"Kaka Faustine? Mimi Twaha. Bibi kaniambia nikupokee huku, usihangaike na magari. Pole na safari. Chukua soda."

Sijawahi kuona mtu akafanana hivyo na maneno ya Mama Kabula. Nikamwambia sinywi soda. Akasema basi maji. Nikamwambia sina kiu, na ulimi wangu ulikuwa umegandia juu. Nikatoa simu nikapiga namba ya Twaha. Ikaita mfukoni mwake. Akaitoa, akanionyesha jina langu kwenye kioo, akaipokea na kusema "Haloo" akiwa amesimama hatua moja mbele yangu.

"Simu inaweza kuibwa," nikasema.

"Kweli," akasema. "Na kofia pia." Hakukasirika. Aliniuliza kama nitapanda gari lake. Nikamwambia atangulie, nitamfuata kwa bodaboda. Dereva wa bodaboda alifurahi sana, kwa kuwa ni safari ndefu ya pesa nzuri, akaniuliza kama ninamfuata mwizi au shemeji. Nikamwambia bado sijajua.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Biharamulo, nyuma ya gari jeupe lililokuwa likipunguza mwendo kila kona ili nisipotee. Nililiona boma la Wajerumani limekaa juu ya mji, halafu hospitali, halafu soko lililokuwa limechangamka. Nilishika akilini njia ya kutokea. Saa sita zilikuwa zimeshapita.

Nyumbani kwa Bi Nuru

Duka liko mbele, nyumba iko nyuma yake. Bi Nuru ni mama mzee mwembamba, mtandio mweupe, miwani iliyofungwa kwa kamba. Alikuwa ameketi juu ya mkeka na mgongo umenyooka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Leokadia kwa jina. Sikumbuki kumwambia Twaha jina la Leokadia.

Kisha vyakula vikaletwa. Kulikuwa na pilau, samaki wa ziwani wa kukaanga, kachumbari, na ndizi mbivu. Sahani yangu ilipakuliwa ikajaa, ikafunikwa kawa ili isipoe, ikawekwa mbele yangu.

"Karibu chakula," akasema.

"Asante, bibi. Nimeshiba."

"Umeshiba nini, na umetoka Ngara?"

Tumbo lilijibu kabla yangu, na wote tukalisikia. Nikamwambia ningeomba kwanza nisikie nilichoitiwa, kisha chakula kitafuata. Akatikisa kichwa.

"Utasikia ukishakula. Nyumba hii haizungumzi jambo na mgeni mwenye njaa. Mtu mwenye njaa ataitikia lolote ili amalize, halafu kesho anasema alilazimishwa."

Nilitaka kumwambia kwamba kwetu ni kinyume chake, kwamba aliyeshibishwa ndiye anayesemwa amekubali. Lakini kumwambia hivyo kulikuwa sawa na kumwambia, "Nakushuku unataka kumposa mdogo wangu," na mbele yangu palikuwa na bibi wa watu, si Sebastiani. Twaha aliangalia saa ya ukutani.

"Bibi, chuo kinafunga saa tisa," akasema.

"Mwambie mgeni. Mimi chakula changu nimeshaweka."

Twaha alinitazama kwa huruma, akavaa viatu akaenda zake msikitini. Tukabaki wawili na kawa ile katikati.

Ndipo nilipoziona picha. Ukutani zilitundikwa picha sita za mabinti, katika fremu za aina moja. Watano walikuwa wamevaa majoho ya kuhitimu. Ya sita ilikuwa imegeuzwa, uso ukiangalia ukuta. Nilihesabu upya. Niliuvuta mfuko wangu karibu na mguu, nikapima kwa macho umbali wa kufika mlangoni.

Bi Nuru alikuwa ananitazama muda wote huo.

"Huyo ndiye ambaye hakurudi?" nikauliza.

"Nani kakwambia?"

"Nimesikia njiani."

"Hakurudi, kweli. Alichukuliwa."

"Na nani?"

"Na watu kama wewe," akasema.

Sikuelewa. Akavua miwani, akaifuta kwa pembe ya mtandio, akaongea polepole. Binti yule alikuwa anasoma Kichina, mwaka wa mwisho, kichwa chake kilikuwa moto. Kaka zake walimpigia simu kwamba mama anaumwa sana. Alipofika nyumbani akamkuta mama yake mzima, anapika, na uani kuna ng'ombe wa watu. Alikuwa ameshaozwa. Picha yake aliomba mwenyewe igeuzwe hivyo, mpaka siku atakayorudi darasani.

"Kwa hiyo siku hizi simsaidii binti kabla sijamwona yule anayeweza kumwita nyumbani," akasema. "Lugha anaijua yeye. Simu ya kumrudisha unayo wewe. Nilimtuma mtu Mbuba aulize habari zako. Akaniletea neno kwamba binti ameshanywewa pombe, na aliyekunywa ni kaka yake mkubwa. Sasa umekuja, chakula changu hutaki. Nikasema moyoni, huyu ameshakula kwingine."

Ndugu zangu, niliketi pale nikiwa kama mtu aliyemwagiwa maji. Njia nzima nilikuwa nikimwogopa yeye, naye siku zote hizo alikuwa akiniogopa mimi, na wote wawili tulikuwa tunakiogopa chungu kilekile cha Sebastiani.

Nikamweleza. Nilimweleza Krismasi ile, mrija, makofi, miezi minane, na chungu kikubwa nilichokibeba kichwani nikasimama wima hadi kikaisha. Nikamweleza amri yangu, na kwa nini pilau yake inapoa. Sikuficha hata la mshenga. Aliposikia kwamba nilimdhania anatafuta mke wa mjukuu wake, aliweka mkono mdomoni, mabega yakatikisika.

"Twaha ana wake wawili," akasema. "Wa tatu atamlipia nani?"

"Na kitenge je, bibi? Na sukari?"

"Sasa ningekuita mkono mtupu?"

Tulicheka, lakini saa haikucheka. Ilikuwa saa nane na robo. Nikamwomba aseme sasa, kwa kuwa tumeelewana. Akakataa. Alisema sheria ya nyumba ile aliiweka marehemu mume wake na yeye hawezi kuivunja kwa sababu ya saa. Mimi nami nilimwambia, kwa heshima yote, kwamba yangu siwezi kuivunja pia, kwa sababu nikirudi Mbuba wataniuliza, na nitakalojibu litamfuata Evodia maisha yake yote. Mnaona sikukosea.

Akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu.

"Humo kuna nini kinanukia majani?"

"Viazi, bibi. Vya jana. Mdogo wangu alinifungia."

"Nipe."

Nikamwambia vimepoa, si vya kumpa mtu wa heshima yake. Akasema tena, nipe. Nikafungua jani la mgomba, viazi vikatokea vimebonyea, vimesinyaa, chumvi imelowana kwenye karatasi yake. Bi Nuru alinawa mikono, akasema bismillahi, akamenya kimoja kwa kucha, akakichovya kwenye chumvi, akala. Alikila chote, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akala cha pili.

"Haya," akasema. "Kwenu anayekula ndiye amekubali. Mimi nimekula chakula cha nyumbani kwa Evodia. Nani sasa ameshikwa?"

"Wewe, bibi," nikasema.

"Basi kula na wewe viazi vyako, ili sheria ya mume wangu nayo itimie. Hajasema mgeni ashibe kwa chakula cha nani."

Nikala kiazi. Sijawahi kula kiazi kitamu namna ile.

Hapo ndipo aliposema alichoniitia, na hayakuwa maneno mengi. Mume wake alikuwa muuza vitambaa tu, lakini Kifaransa alikijua kwa kufanya biashara na watu wa ng'ambo. Miaka ile wakimbizi walipojaa huku kwetu, madaktari walikuwa wanakuja dukani kumwazima. Alikuwa anafunga duka anakwenda kusimama kati ya daktari na mgonjwa siku nzima. "Dawa ilikuwepo, na ugonjwa ulikuwepo," Bi Nuru akasema, "lakini watu walikuwa wanakufa kwa kukosa wa kusema unauma wapi." Alipofariki, duka likaendelea kutoa fungu la binti mmoja kila mwaka, mradi asome lugha ya watu wengine.

Alinidai kitu kimoja. Nisimwite Evodia nyumbani kwa neno la uongo, na asiozwe kabla hajamaliza na kusema mwenyewe anamtaka nani. Nikamwambia hilo nilishaapa nikiwa nimesimama uani kwa Sebastiani. Akaniambia niape tena, safari hii nimekaa.

Twaha alirudi kutoka msikitini saa nane na dakika arobaini, akatukuta tunagawana kiazi cha mwisho, sahani ya pilau bado imefunikwa. Hakuuliza. Bi Nuru alimwambia maneno mawili, "Lipa sasa," naye akaketi chini papo hapo na simu yake. Mara ya kwanza mtandao ulikataa. Mara ya pili ulikubali, lakini ofisi ya chuo haikupokea simu ya kuthibitisha. Twaha akatoka akasimama juu ya tofali uani, mkono juu, kofia imekaa upande. Mimi nilimpigia Evodia, aliyekuwa amesimama kwenye foleni dirishani tangu asubuhi.

"Kaka, umekula kwao?" hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Bado."

"Usile mpaka tujue wanataka nini."

Bi Nuru alisikia, maana simu yangu inapiga kelele. Akaniomba simu. "Mjukuu wangu," akamwambia, "mimi nimeshakula kwenu. Waambie hapo dirishani watazame tena."

Tukasikia Evodia akizungumza na mtu, kisha watu wakigombana kuhusu foleni, kisha kimya. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika saba. Halafu akarudi kwenye simu, na sikusikia maneno, nilisikia tu anavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kulia. Akasema, "Wamegonga muhuri."

Bi Nuru akaiondoa kawa.

Kurudi

Safari ya kurudi haina hadithi. Nililala kwao, na kesho yake Twaha alinipeleka Lusahunga. Safari hii nilipanda gari lake, na soda nilikunywa, ingawa niliifungua mwenyewe. Bi Nuru alinipa kanga ya Leokadia. Nilisita kuipokea, naye akaona, akasema, "Ni ya kufungia viazi utakavyoniletea mwakani." Nikapokea.

Evodia amefanya mtihani. Sasa yuko Burundi, nyuma ya vilima. Nampigia kila Jumapili, na sitawaficha kwamba bado namuuliza amekula wapi na kwa nani. Ananijibu kwanza kwa Kifaransa, makusudi, ili nisubiri.

Juzi Sebastiani alinikuta kwenye mizani ya kahawa, akasema mbele ya watu, "Kwangu ulikunywa ukarudisha. Kule nasikia ulikula. Utarudisha nini?"

Basi jibu ni hili, kwake na kwenu nyote. Nilikula. Nilikula sahani mbili za pilau na samaki mzima, na kama kungekuwa na ya tatu ningekula. Lakini aliyeanza kula chetu ni Bi Nuru.